Baba Alijijengea Kaburi Lake... Sisi Tukazika Mgomba!

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Naishi katika chumba cha kupanga hapa Makutano, Meru, na nauza ndizi na maparachichi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Wapita njia hunisalimia, "Muga, Mama Makena!" nami huwajibu nikitabasamu. Hawajui! Laiti wangejua kwamba juzijuzi tu nilikuwa na boma, nilikuwa na baba, na nilikuwa na kaka... Leo nimebaki mkono mtupu, na aliyenifanyia haya si mtu baki. Ni mtu tuliyenyonya naye titi moja!

Wasomaji wenzangu, niacheni kwanza niwaeleze baba yangu alikuwa mtu wa aina gani. Siku ya mazishi yake watu walishika kipaza sauti wakasema uongo mtupu, na mimi sikupewa nafasi hata ya kukohoa.

Baba aliingia jeshini akiwa kijana wa Kanyakine, kijijini kwetu, asiyejua viatu. Wakamweka kwenye kikosi cha wahandisi. Alijenga madaraja huko kaskazini kwenye jua la kuchoma utosi, akachimba visima, na siku moja bomu la kutegwa ardhini likamharibia sikio la kushoto. Ndiyo maana ukitaka kuongea naye ilibidi ukae upande wake wa kulia, la sivyo ungemuuliza habari za ng'ombe akujibu habari za mbunge!

Alipotoka jeshini alirudi darasani akiwa tayari ana watoto wawili, mimi na kaka yangu Mutwiri. Akasoma mpaka akawa injinia wa maji. Yale mabomba yanayoteremsha maji kutoka msituni hadi vijiji vyetu, yeye ndiye aliyetembea kwa miguu akipima njia yake, bonde baada ya bonde. Hakuna pampu, hakuna umeme. Maji yanashuka yenyewe! Wanawake wa kwetu walioacha kubeba mitungi migongoni, ni kwa jasho la baba yangu.

Na nyumbani je? Hakuwahi kuoa mke wa pili, ingawa walikuwepo waliomshauri. Akija likizo alitupikia chapati za mraba, ati ndizo zinazopangika vizuri kwenye sahani. Mama alikuwa akicheka hadi anashika ukuta! Alinifundisha kuchanganya saruji kabla sijajua kusuka nywele. Mama alipofariki, Baba alimzika upande wa juu wa boma, mahali pasipotuama maji, na kila Jumapili alikwenda kung'oa magugu pale kwa mikono yake.

Ndoa yangu ilivunjika mapema. Nilirudi nyumbani na binti yangu Makena mgongoni na begi moja mkononi, nimejaa aibu. Baba alitoka, akanipokea begi, akaniuliza kama tumekula. Basi! Hakuniuliza lingine siku hiyo wala miaka yote iliyofuata. Nikakaa naye. Nikamkamulia ng'ombe, nikamfulia, nikamwogesha alipoishiwa nguvu za kuinama. Mutwiri alikuwa Embu, mkandarasi mwenye gari kubwa na jumba la geti jeusi nje ya mji. Alikuja Krismasi, akapiga picha na Baba, akaondoka.

Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la Mutwiri tangu zamani, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume wa pekee na Baba alimwamini. Sikuwahi kulalamika. Ningelalamika nini? Ilikuwa nyumbani kwetu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza.

Kiangazi kimoja, baada ya kuchuma kahawa, nilimwona Baba akipanda upande wa juu wa boma na jembe, timazi na pimamaji, vile vifaa vyake vya kupimia ujenzi. Nilidhani anatengeneza mtaro. Kumbe anachimba kaburi lake! Mzee wa miaka themanini na kitu! Alichimba polepole, leo kidogo, kesho kidogo, na mahali kazi ilipomshinda alimlipa fundi amsaidie. Akalijengea kuta za mawe ndani, na ukingo wa mawe juu. Chini akamwaga kokoto na kulaza bomba la kutolea maji kuelekea mteremkoni.

Nilipomuuliza kwa machozi, aliniambia niketi kulia kwake. Akasema, "Gatwiri, nimepigana na maji maisha yangu yote. Sitaki yaje yanilalie. Mtaniweka hapa, karibu na mama yako. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa peke yangu pale... Hakuna mwingine aliyesikia!

Kijiji kikawaka moto. Kwetu, kaburi likikaa wazi bila mtu ni mwiko mkubwa, watu husema linaita mtu wa kulijaza. Akina mama wa kanisani walikuja kuniombea, lakini macho yao yote yalikuwa upande ule wa juu. Jirani alipougua homa wakasema ni shimo la mzee. Watu wakaacha kupitia kwetu kunywa chai. Nikienda sokoni, wenzangu wananyamaza. Mimi ni binadamu jamani, niliumia!

Mutwiri akapata habari. Akafika siku hiyohiyo, akanifuata jikoni. Ooh, yule mtu ana ulimi! Aliniita dada yake wa pekee. Akasema mzee anatuaibisha, na kwamba Baba hawezi kumsikia mtu yeyote isipokuwa mimi. Akasema tulifukie tu kwa sasa ili watu watulie, na siku ya Baba ikifika atamzika palepale kwa mikono yake mwenyewe. Akaniapia kwa jina la marehemu mama.

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Ni kaka yangu!

Nilikwenda nikaketi kulia kwa Baba, nikamsihi. Nikamwambia watu wanatutenga, nikamwambia Makena atakosa mume kwa sababu ya lile shimo. Akasema kama ni kwa ajili yangu, basi walifukie.

Kesho yake Mutwiri alileta vijana. Mnajua desturi ilivyo, kaburi halifukiwi tupu. Ni lazima kitu kizikwe badala ya mtu. Wakakata mgomba, wakauteremsha ndani ya lile kaburi zuri la baba yangu, wakamwaga udongo. Mzee mmoja wa kanisa akaomba. Baba alisimama pembeni na fimbo yake, amevaa kofia yake ya jeshi. Walipomaliza akasema, "Haya, leo mmenizika nikiwa nimesimama. Siku mkirudia, msisahau kokoto." Mutwiri alijibu, "Sawa, Baba," huku akibonyeza simu.

Toka siku ile Baba hakuwa yule tena. Aliacha kupanda upande wa juu. Msimu wa baridi ulipoingia alipata kichomi, tukampeleka hospitalini mjini Meru, na hakurudi. Alifia mikononi mwangu akiwa amegeuza sikio lake zima upande wangu... Nilikuwa namwambia nini? Nilikuwa namwambia asiogope, atalala karibu na mama.

Kumbe najidanganya!

Kikao cha mazishi kilifanyika kwa Mutwiri, Embu. Nilikuta mambo yameshapangwa. Marehemu angezikwa pale Embu, kwenye uwanja wa jumba la Mutwiri! Ati barabara ni ya lami, ati wageni waheshimiwa hawawezi kuchafua magari yao kwenye matope ya kwetu. Nilisimama nikasema hapana. Nikawaeleza Baba alitaka kulala Kanyakine karibu na mke wake, na kwamba alijijengea kaburi kwa mikono yake.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, ndiye aliyeongoza kikao. Ni mtu wa haki kwa kawaida. Akauliza, "Na hilo kaburi liko wapi?"

Hapo ndipo Mutwiri alipoinuka, mtulivu kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Akasema ni kweli mzee alichimba, lakini alibadili nia, ndiyo maana akakubali lifukiwe mbele ya mashahidi na mgomba ukazikwa. Kisha akanigeukia. "Gatwiri, si ni wewe mwenyewe uliyemwomba alifukie?"

Watu wote wakaniangalia. Ningesema nini? Ilikuwa kweli! Nilipoanza kueleza jinsi alivyonidanganya jikoni, shangazi mmoja akaniambia nikae chini, mimi nilishaolewa na nikarudi, mambo ya boma hayanihusu. Nikakaa. Wasomaji wenzangu, nilikaa chini! Mpaka leo najiuliza miguu yangu ilinitii vipi.

Siku ya mazishi kulikuwa na tenti nyeupe, viti vyenye utepe, na picha ya Baba kubwa kuliko mlango. Wasifu wake ukasomwa. Ati katika uzee wake alitunzwa kwa upendo na mwanawe Mutwiri! Na mimi? "Bintiye Gatwiri alisaidia kazi za nyumbani." Kama kijakazi! Mheshimiwa fulani akazungumza sana kuhusu barabara zake mwenyewe. Kuhusu maji yanayoteremka kutoka msituni, hakuna aliyesema hata neno.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Vijana wa kukodiwa walikuwa wamechimba kaburi bondeni, nyuma ya nyumba, mahali ambapo Baba asingechimba hata shimo la takataka. Tulipofika pale, maji yalikuwa yamejaa. Wakaanza kuyachota kwa ndoo mbele ya waombolezaji, na kadiri walivyochota ndivyo yalivyozidi kuingia. Mhubiri akatazama saa. Mutwiri akawaambia washushe tu.

Wakashusha... Nilisikia jeneza likigusa maji. Likaelea kidogo, jamani! Kijana mmoja akalikanyaga kwa mguu ili lizame. Baba yangu! Mtu aliyeyaamuru maji yapande na kushuka vilima vya Meru, akakanyagwa kama gunia la viazi! Mwanajeshi mmoja mzee aliyetumikia naye alipiga saluti huku machozi yakimtiririka. Mimi nilipiga mayowe mpaka wakanitoa.

Mnadhani yaliishia hapo? Hata nywele tulizonyoa kwa msiba hazijaota vizuri, watu wakaja Kanyakine na kamba za kupimia. Mutwiri akanipigia simu, sauti kavu, akaniambia shamba limeuzwa na nihamishe vitu vyangu. Ndipo macho yakanifunguka. Angemzika Baba pale, nani angenunua? Nani kwetu hununua boma ambamo mzee mwenyewe amelala, udongo haujakauka? Baadaye nilisikia kwamba mazungumzo na mnunuzi yalianza Baba akiwa hai, kabla hata ya kaburi kufukiwa! Ile sauti tamu ya jikoni, kile kiapo kwa jina la mama... yote ilikuwa njama.

Nilimfuata hadi kwenye geti lake jeusi. Aliniambia kama nilitaka shamba ningekaa kwa mume wangu. Geti likafungwa. Namba yangu ameizuia mpaka leo.

Miezi michache iliyopita nilipiga moyo konde nikaenda Kanyakine kumwomba mwenye shamba mpya aniruhusu kupalilia kaburi la mama. Ni mwalimu mstaafu, mtu mpole. Alinikaribisha kwa chai, nyumbani kwangu mwenyewe! Halafu akanipeleka upande wa juu. Akaniambia hana kinyongo, lakini kaka yangu alimdanganya, maana alimwambia kuna kaburi moja tu. "Mimi naona mawili, mama. Hili lenye msalaba, na hili lililozungushiwa mawe, limedidimia katikati. Nimewakataza wanangu wasilime hapo. Ni la nani?"

Ningemwambia ni la mgomba?

Nikamwambia ni la baba yangu. Akavua kofia. Mgeni kabisa, asiyemjua Baba, alivua kofia yake mbele ya shimo la mgomba, lakini mtoto wa damu wa Baba aliacha azamishwe kwa mguu! Nilipalilia yote mawili nikilia kwa sauti, na yule mwalimu akaondoka kimya kimya akaniacha.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mzazi wako akikwambia anapotaka kulala, usimnyamazishe. Usimwambie "Baba, usiseme hivyo, utaishi." Ita ndugu, ita majirani, ita mhubiri, aseme mbele yao wote, tena aseme kwa sauti. Na ukiona haya kwa sababu ya maneno ya sokoni, kumbuka mimi. Wale walioninunia kwa sababu ya kaburi la Baba, hakuna hata mmoja aliyenisaidia kubeba godoro nilipofukuzwa. Na kaka akija na maneno matamu jikoni, mtoe nje mkazungumzie barazani, watu wasikie!

Wiki iliyopita nilimwita binti yangu Makena, mume wake, na akina mama watatu ninaouza nao hapa Makutano. Nikawaambia wazi nikifa nizikwe wapi na vipi. Wakaanza kunikemea, ati najiitia kifo, ati niache mikosi. Niliwaambia wakae chini. Safari hii wao ndio waliokaa, na mimi nikabaki nimesimama mpaka nikamaliza.