Madame Léonie Ananyamaza

Saa nne asubuhi, Jumamosi, umeme ulikatika mjini Bunia. Muda mfupi baadaye kibanda cha kuchajia simu kando ya soko kuu kilijaa watu, jenereta ikinguruma mlangoni, na tundu moja tu la umeme lilibaki wazi. Mikono miwili ililifikia pamoja.

Mmoja ulikuwa wa Léonie, kaimu mkuu wa shule ya msingi, aliyevaa kitenge cha kijani na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Mwingine ulikuwa wa Blanchard, mwalimu wa hesabu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Simu zote mbili zilitoa sauti ileile ya mkufunzi wa kozi ya mtandaoni, akieleza uongozi wa shule katika zama za dijitali.

"Weye pia iko mu formation?" Blanchard aliuliza.

"Niko. Na batteri yangu inakufa. Yako?"

"Iko na nusu."

"Basi ondosha mukono, mwalimu."

Aliuondoa. Somo lililobaki walilisikiliza kwenye simu ya Blanchard, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni.

Tangu siku hiyo walipigiana simu kila jioni, kwanza kuhusu masomo. Familia ya Léonie ilikuwa imehamia mjini kutoka Djugu. Ya Blanchard ilifuga ng'ombe upande wa Marabo.

"Baba alinifundisha," Blanchard alimwambia, "muchungaji anatembea nyuma ya ngombe. Akienda mbele, haone ile inabakia."

"Na mimi niko ngombe gani?"

"Ile inakataa kuingia mu lupango."

Léonie alicheka mpaka salio likaisha.

Kozi ilimalizika kwa kazi moja: rekodi ya sauti ya mkutano na walimu, isahihishwe na mwanakozi mwingine bila majina. Alama chini ya kumi kwa ishirini haikutoa cheti, na bila cheti Léonie asingethibitishwa kuwa mkuu wa shule.

Alipata tisa. Chini yake paliandikwa: "Mkutano mzima tunasikia sauti moja. Mchungaji anatembea nyuma ya ng'ombe."

Alipiga simu papo hapo.

"Blanchard, ni weye ulinipatia tisa?"

"Ni mimi."

"Ulijua sauti yangu?"

"Tangu bonjour ya kwanza."

"Sheria inasema, ukijua mutu, urudishe kazi yake. Ju ya nini haukurudisha?"

"Nilikosa. Niliogopa mungine atakupatia points kumi na tano, ufikiri iko muzuri."

"Cheti ile njo kazi yangu, unajua. Na walimu yangu unabaita ngombe."

"Cheri, sikiliza..."

"Umeandika ninasema sana. Basi ninanyamaza."

Akakata.

Blanchard aliwaandikia wasimamizi wa kozi, akakiri kwamba alimtambua mwenye kazi. Waliifuta alama, wakamruhusu Léonie kutuma rekodi mpya kwa msahihishaji mwingine. Taarifa hiyo Léonie aliisoma, wala hakumpigia Blanchard. Alisikiliza tena rekodi ya kwanza. Walimu wake walisikika mwishoni tu, wakisema: "Merci, Madame."

Jumatatu aliwaita tena. Aliweka simu mezani ikirekodi, akauliza kwa nini tableti ambazo shule ilipewa na mradi zilikuwa bado mpya kabisa. Kisha akanyamaza.

Kiti kililia. Mtu akakohoa. Mwishowe alisema Anaclet, mwalimu mzee kuliko wote.

"Madame, mutusamehe. Ufunguo ya kabati ya tableti iko kwenu. Tukimaliza kuwatafuta, kengele inalia. Na mimi, ile mashine ninaogopa kuiwasha mbele ya batoto. Banajua kunipita."

Léonie alitoa ufunguo mkobani, akauweka mbele ya Anaclet. Walimu wakapanga wenyewe nani amfundishe nani.

Safari hii alipata kumi na nne. Barua ya kumthibitisha ilipofika, alimpigia Blanchard.

"Madame Directrice," Blanchard alisema, "félicitations."

"Ngoja kwanza. Points zako zilikuwa za kweli. Lakini ulijificha. Ungeniambia ku macho."

"Ni kweli. Sitarudia."

"Baba anauliza, ule mutu wa simu ya kila jioni alipotelea wapi."

"Umwambie iko anatafuta banoko zake, bajomba, bakuye kubisha mulango."

"Uvae ile shati ya siku ya soko. Na siku ile weye hausemi. Banoko njo banasema."

"Hata neno moja?"

"Hata moja, roho yangu."

Jumapili, baada ya ibada, Blanchard aliketi sebuleni kwa baba yake Léonie, katikati ya wajomba wake wawili, mikono magotini. Wajomba walieleza posa iliyowaleta. Baba aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akamwita binti yake. Léonie aliingia amevaa kitenge cha kijani.

"Hawa bantu, unabajua?" baba aliuliza, kama desturi inavyotaka; binti akisema anawajua, amekubali.

Léonie alinyamaza. Blanchard alifungua mdomo. Mjomba akamkanyaga mguu.

"Ninabajua, baba," Léonie alisema.