Tundu la Chiriku

Florentine alikuwa akikata kitambaa, mchana, nyumbani kwake mjini Baraka, alipoona chiriku wao ndani ya tundu lake anaimba huku amefumba mdomo. Akasimamisha mkasi. Wimbo ukaendelea.

Mumewe Isidore alimnunua ndege huyo kijijini Lweba, kwa watu wanaonasa kwa ulimbo, akamkata manyoya ya mabawa asiruke. Binti yao Tania ndiye aliyemlisha.

Juma hilohilo Tania aliacha kusema. Hakuumwa, alifungua kinywa tu, pasitoke kitu. Nyumba ikaanza kunuka tope, na siku moja Florentine akiwa jikoni akasikia sauti ya mtoto wake ikimwita kutoka sebuleni, "Mama, kuya," akatupa mwiko akakimbia, akamkuta Tania amejibanza ukutani, kidole kikielekea tunduni, na sauti ileile bado inaita.

Wakamwita Mama Émilienne, mwombezi wa kanisa lao. Alichungulia bila kugusa.

"Nani alikata hii mabawa?" akanong'ona.

"Ni mimi," Isidore akasema. "Juu isikimbie."

"Kitu kikifungiwa na kinalia, kinaita kingine kikuje kukaa naye. Muache ndege aende. Mutoto atapata sauti yake."

Isidore akafungua. Chiriku akajitupa nje, akaanguka sakafuni kama kipande cha kitambaa.

"Basi mumuchunge mpaka manyoya iote," Mama Émilienne akasema. "Na ile sauti, musiijibu."

Wakamchunga, wakimpa ulezi safi na maji ya kuoga, wakimwachia sebule nzima ajaribu mabawa, na kadiri manyoya yalivyoota ndivyo sauti ilivyozidi kuita, mara kwa sauti ya Tania, mara kwa sauti ya Isidore mwenyewe akiomba afunguliwe mlango, ilhali Isidore alikuwa ameketi kando ya mkewe, jasho likimtiririka, amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

Asubuhi moja chiriku akatua dirishani, akajikung'uta, akaruka kuelekea ziwani.

"Mama," Tania akasema, "niko na kiu."

Florentine akamkumbatia, akalia. Isidore akaenda kuchukua tundu akalitupe. Akakawia. Florentine akamfuata.

Alimkuta amesimama mbele ya tundu tupu. Ndani, kijiti alichokuwa akikalia ndege kilikuwa kimepinda kwa uzito, kikibembea, na maganda ya ulezi yalikuwa yakidondoka, moja, kisha jingine, taratibu.

"Ile kitu haikukuwa ndani ya ndege," Isidore akanong'ona.