Meza ya Kumi na Saba

Aliyepatwa na haya ni shemeji yangu, mume wa binti wa mama yangu mdogo. Yeye alimsimulia mkewe, mkewe akanisimulia mimi, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba sikumwonea huruma siku ile na simwonei leo. Kuna ndugu wanaosema nina roho mbaya. Na iwe hivyo.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Shemeji alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu na kola yake, akaaga nyumbani, akaenda kazini. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni yenye meza thelathini na mbili na lifti iliyokufa zamani. Saa tano asubuhi kulikuwa na kikao, na katika kikao hicho angekabidhiwa barua ya kuwa mkuu wa kitengo. Cheo hicho alikuwa amekililia miaka. Kabla ya hapo alibakiwa na kazi moja ndogo ya kuunganisha printa mpya na mtandao, ili makabrasha ya kikao yatoke humo.

Printa ilikuwa imewekwa karibu na dirisha, pale palipokuwa na meza ya Mama Nakala.

Mama Nakala alikuwa mpiga chapa wa ofisi ile kwa miaka ishirini na miwili. Kidole gumba chake cha kulia hakikuwahi kutakata. Kilikuwa na wino wa zambarau wa mihuri, na katikati kilikatwa na kovu la kisu alilolipata utotoni. Kila karatasi iliyopita mkononi mwake ilibaki na alama ya zambarau kwenye pembe ya chini, na kovu likionekana kama mstari mweupe. Wenzake walimtania kwamba hata barua ya mapenzi angeigonga muhuri. Naye alicheka nao.

Sasa sikiliza utaratibu wa Shemeji, maana kila kitu kilitokana nao. Kila mashine kwenye mtandao hupewa namba, kama nyumba zinavyopewa namba mtaani, ili ujumbe umfikie mwenyewe. Shemeji alifanya namba hiyo ifanane na namba ya meza. Aliyekaa meza ya nne, kompyuta yake ilikuwa nne. Orodha aliiandika kwa mkono, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la nyaya. Mstari wa kumi na saba ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu. Hiyo ilikuwa namba ya Mama Nakala.

Miaka miwili nyuma, uongozi ulikuwa umeandaa kwa siri orodha ya watu wa kupunguzwa kazi. Shemeji aliichungulia, na kwa kuwa hakutaka kuisoma kwenye skrini watu wakipita nyuma yake, akaamua kuichapisha. Lakini printa hutunza kumbukumbu ya kila aliyeitumia. Basi akangoja saa ya chakula. Mama Nakala alikuwa na tabia ya kuzima kompyuta yake kila alipokwenda kula, akisema nayo inahitaji kupumua. Shemeji akaiazima namba yake iliyokuwa wazi, akaivalisha laptopu yake, akachapisha. Kisha simu ikaita, akaisahau karatasi kwenye trei. Ilipofika saa nane ofisi nzima ilikuwa imeisoma.

Kumbukumbu ya printa ilionyesha namba kumi na saba, basi Mama Nakala akaitwa mbele ya kikao. Alisema kompyuta yake ilikuwa imezimwa. Akauliza swali moja tu, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili.

"Kila mashine si ina namba yake ya kuzaliwa, ile ya kiwandani? Mbona hamuitazami hiyo?"

Wote wakamgeukia fundi. Shemeji akajibu, macho yakiwa kwenye meza, kwamba printa ile haihifadhi namba ya kuzaliwa. Ilikuwa inahifadhi. Alikuwa ameifuta asubuhi ile.

Wakamfukuza. Alipokuwa akibeba boksi lake alisimama karibu na Shemeji, akamnong'oneza, "Wewe unajua. Nitakuja kukuuliza tena." Miezi minne baadaye presha ikamwondoa. Shemeji alikwenda mazikoni na kukaa mstari wa mbele. Hapo ndipo ninapomchukia hasa.

Basi Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Shemeji akapiga magoti mbele ya printa mpya. Kwa utaratibu wake alipaswa kuipa namba ya meza iliyokuwa pale. Hakutaka. Akaandika arobaini, akahifadhi, akachapisha ukurasa wa majaribio.

Ukurasa ukatoka umeandikwa kumi na saba.

Akadhani vidole vimemteleza. Akarudia. Arobaini, hifadhi, chapisha. Kumi na saba. Akaizima, akaiwasha, akaiambia ijichagulie namba yenyewe. Ikajichagulia ileile, na chini yake ikaandika kwamba namba hiyo ina mwenyewe tayari.

"Fundi, bado?" Katibu wa Mkurugenzi aliuliza kutoka mezani kwake.

"Dakika tano tu, dada."

Akafungua laptopu ili aiite namba hiyo. Mafundi hufanya hivyo, hutuma mwito mdogo kwenye namba waone kama kuna wa kuitika. Akaiita kumi na saba. Ikaitika. Alipotazama nyuma ya printa aliona waya wa mtandao umelala sakafuni. Hakuwa ameuchomeka bado.

Akaiita tena. Ikaitika upesi zaidi.

Akaenda stoo, ambako kompyuta ya Mama Nakala ilikuwa imewekwa tangu alipofukuzwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye. Kompyuta ilikuwepo chini ya feni mbovu, vumbi limeifunika. Diski yake alikuwa ameing'oa kwa mkono wake. Haikuwa na waya wowote. Akaigusa.

Ilikuwa ya moto.

Alirudi kwenye printa shati limemganda mgongoni. Watu walikuwa wakiandika, mtu akicheka kwenye simu, jua limejaa dirishani. Hakuna aliyemtazama. Akachomoa waya wa laptopu yake. Akazima mtandao wa hewani. Sasa mashine yake haikuwa imeunganishwa na chochote duniani. Akaita.

Kumi na saba ikaitika.

Ndipo printa ikaanza kuchapisha yenyewe. Karatasi moja. Aliiokota ikiwa na joto. Ilikuwa kumbukumbu ya uchapishaji ya siku ile, miaka miwili nyuma, saa ya chakula. Jina la waraka. Namba kumi na saba. Na mbele yake, namba ya kuzaliwa ya mashine iliyochapisha. Printa hii ilikuwa imetolewa kwenye boksi asubuhi hiyohiyo.

Pembeni chini palikuwa na alama ya zambarau. Printa ile ilikuwa na wino mweusi tu.

Akaigusa alama. Ilikuwa mbichi.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akachomoa printa kwenye umeme. Kisha akamwambia Katibu printa ni mbovu, makabrasha yatolewe kwingine.

"Mbovu vipi, na umeshanitolea?" Katibu akasema. "Nimeyachukua kwenye trei sasa hivi. Nakala kumi, safi kabisa."

Shemeji alitaka kumpokonya. Lakini Katibu alikuwa ameshayapeleka, na Mkurugenzi alikuwa akimwita aingie.

Walikuwa watu kumi. Kila mmoja alikuwa na karatasi moja mbele yake, nakala ya ileile iliyokuwa mfukoni mwa Shemeji. Mkurugenzi alivaa miwani, akasoma taratibu, akaivua.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Hii namba ya kuzaliwa ni ya mashine ipi?"

"Sijui, bosi. Printa ina hitilafu."

"Ulituambia haihifadhiwi."

Shemeji alirudi nyuma hatua moja. Laptopu ilikuwa chini ya kwapa lake. Kila laptopu ya ofisi ile ilikuwa na kibandiko tumboni chenye namba yake ya kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono wa fundi mwenyewe, kwa utaratibu wake mwenyewe.

"Igeuze," Mkurugenzi alisema.

Akaigeuza. Walisoma tarakimu moja baada ya nyingine, vidole vikifuata mstari. Shemeji hakusoma. Alikuwa anatazama mkono wake juu ya laptopu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa cha zambarau.

Akasema yote. Mkewe anasema alilia. Mimi naona alichelewa sana. Barua ya cheo ikachanwa mbele yake. Nyingine ikaandikwa kwenda kwa binti wa Mama Nakala, ya kumsafisha mama yake jina na kumwomba radhi, na Mkurugenzi akaipeleka kwa mkono.

Ule wino haukutoka. Shemeji amejaribu limau, mafuta ya taa, hata msasa mpaka damu. Ngozi ikipona, inapona na rangi yake. Siku hizi anatengeneza printa za watu mitaani, na wengi wakiona kile kidole humuuliza kama anafanya kazi ya mihuri.

Mwezi uliopita nilimwita aje kuniunganishia printa ofisini kwangu. Nakiri nilimwita makusudi. Alifanya kazi yake kimya, akachapisha ukurasa wa majaribio, akanikabidhi akiwa ameushika kwenye pembe. Alipoondoka niliupeleka dirishani.

Kidole cha Shemeji nakijua, nimekitazama sana akila kwangu. Ni laini, hakina hata mkwaruzo. Alama iliyo kwenye karatasi yangu ina mstari mweupe uliokata katikati.