Maganda Yaliyonyunyiziwa Maji

Nianze kwa kukiri kosa langu. Siku niliyoambiwa kwamba mjini Singida kuna kiwanda cha alizeti kinachojitengenezea umeme kwa maganda yake chenyewe, nilicheka mbele za watu, nikauliza kama maganda hayo yanachemsha na chai. Nikajibiwa taratibu, "Ndiyo, na chai pia." Sasa nasimulia habari za Joyce bila kucheka, isipokuwa pale panapostahili.

Joyce alikuwa darasa la sita. Yeye na baba yake, Gaspari, walihama kutoka Kiomboi wakapanga chumba kimoja mtaa wa Mandewa, mjini Singida. Mama alibaki kule kumuuguza bibi. Kazi ya baba ilikuwa kulisha moto kiwandani kwa koleo. Alitoka Joyce hajaamka, akarudi Joyce ameshalala. Joyce alimwachia ugali umefunikwa, na asubuhi alikuta sufuria imeoshwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao.

Shuleni nako hakuwa na rafiki. Lucy, aliyekaa naye dawati moja, alijisogeza pembeni.

"Wewe mbona unanuka moshi? Kwenu mnalala jikoni?"

Wenzake wakacheka. Joyce naye akacheka kidogo ili asionekane ameumia, kisha akainamia daftari lake.

Kila alipotoka shule alipitia kiwandani. Fundi mkuu, Chediel, alimruhusu kukaa kwenye benchi nyuma ya ukuta, mbali na mashine. Pale angalau alimwona baba, japo mgongo tu. Siku moja baba alipata dakika tano za kunywa maji, akamweleza kazi ya moto ule.

"Maganda yanawaka, maji kwenye boila yanatoa mvuke. Mvuke unazungusha mtambo, tunapata umeme. Ukitoka hapo bado una moto, hatuutupi. Unapita kwenye bomba lile kwenda kupasha mbegu, maana mbegu yenye joto inatoa mafuta vizuri."

"Kwa hiyo moto ni mmoja, kazi mbili?"

"Kama mimi," baba alisema. "Nalisha moto, halafu nafagia ghala la maganda. Ndiyo maana nachelewa."

"Si uwaambie afagie mtu mwingine?"

"Kazi hii naishika kwa mikono miwili, mama. Nikiikosa narudi Sekenke machimboni, na kule siendi na mtoto. Itabidi ukakae kwa shangazi, maana mama yako ameelemewa na bibi."

Joyce hakulala vizuri siku hiyo. Aliwaza jambo moja: ghala likifagiliwa mapema, baba atarudi mapema.

Alhamisi, baba alipokuwa amegeukia boila, Joyce aliingia ghalani na ndoo. Mama yake alimfundisha kwamba uwanja haufagiliwi mkavu; unanyunyiza maji kwanza, vumbi litulie. Vumbi la maganda lilikuwa jingi kuliko la uwanja wowote aliowahi kufagia. Basi alinyunyiza sakafu, akanyunyiza na rundo lenyewe, ndoo nne nzima. Akafagia mpaka pakapendeza, akarudi kwenye benchi kumngoja baba afurahi.

Baba hakufurahi. Koleo la kwanza la maganda yale lilitoa moshi mzito. La pili likazima miali. Mshale wa kipimo cha mvuke kwenye boila ukaanza kushuka, mtambo ukapunguza sauti, taa zikafifia, zikazimika. Mashine ya kukamua ikasimama na mbegu tumboni. Nje, wakulima waliokuja na magunia yao wakaanza kuulizana.

Chediel alifika mbio. "Gaspari, umelala?"

"Sijalala, fundi. Asubuhi haya maganda yalikuwa makavu."

"Kwa hiyo mvua imenyesha humu ndani peke yake? Singida hii?"

Mwenye kiwanda, Mzee Moez, akaja akifuta miwani. Akashika maganda, akayaminya, maji yakamtoka vidoleni.

"Gaspari, nani analinda ghala hili?"

"Mimi, mzee."

"Basi nitamweka mtu mwingine."

Joyce alisikia yote. Hakuna aliyemwona akiingia ghalani, na hakuna ambaye angemuuliza. Akatoka nyuma ya ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mtoto wa Gaspari. Ni mimi niliyeyamwagia maganda maji. Nilitaka kufagia, baba awahi kurudi nyumbani. Yeye hajui chochote."

Baba aliweka koleo chini, akamtazama. Chediel akashika kiuno. "Sasa tutayakausha wapi? Kwenye jua ni siku mbili."

"Pale nyuma," Joyce alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye bomba linalopeleka moshi nje. Mimi huwa nakausha soksi zangu pale."

Chediel alicheka mpaka akakaa chini. "Joto lote lile linakwenda angani, na anayelitumia ni mtu wa soksi tu!"

Waliokota maganda makavu ya pembeni, wakawasha moto upya. Yale mabichi wakayatandaza juu ya mabati kando ya bomba, Chediel akisimamia yasisogee karibu mno. Baada ya saa moja na nusu mshale ulipanda, taa zikarudi, na mbegu zikaanza kukamuliwa.

Mzee Moez alimwita Joyce. "Umefanya kosa, usirudie kuingia ghalani bila ruhusa. Lakini ungenyamaza, tungefungua boila nzima kutafuta mvujo usiokuwepo, na baba yako angeondoka bila hatia. Ukikosea, sema mapema, kitu kikiwa bado kinatengenezeka. Na sisi wakubwa tumejifunza: joto lisiachwe kabla halijamaliza kazi. Limetupa umeme, limepasha mbegu, sasa litakausha maganda kila siku. Gaspari, endelea na kazi. Ila leo utabaki, tufidie muda uliopotea."

"Asante, mzee," baba alisema, akachukua koleo.

Watu walitawanyika. Joyce alivaa begi lake, akasimama hatua chache nyuma ya baba. Boila ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zake zote.

"Baba," alisema, "kesho naomba tule wote."

Baba hakusikia; aliinama, akajaza koleo maganda, akayatupia motoni.