Kuzuia Kulipohamia Dole Gumba

Aliyenisimulia haya ni mama wa mtoto mwenyewe, wiki iliyopita, alipokuja kuanua mashuka uani kwangu. Ni dobi wa nyumba ya wageni, na kamba zake hazimtoshi, kwa hiyo za kwangu ni zake pia. Alisimulia huku akikunja, na kila shuka alilokunja alilipiga kofi. Nayaandika kwa sababu nyumba kama ile ziko nyingi, na ninyi mnazijua.

Nyumba yao ilikuwa na utulivu wake. Baba ni fundi wa matairi, wala si mvivu. Mtoto wao ni mmoja, msichana wa darasa la tano, wakimwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika. Jumapili baba aliwasha gemu lake la kupigana kwenye runinga, mama akipiga pasi nyuma yake, na Chiriku akitangaza pambano kama yuko redioni. "Huyo anakuja, huyo, kakosa, kalambwa yeye." Hata mama alicheka.

Vijana wa gereji walimwita baba huyo Ngao, kwa sababu kwenye gemu hilo alizuia kila pigo. Alilijua tangu toleo la kwanza. "Zamani hiki kilikuwa ngumi," alimweleza bintiye, akimwonyesha kitufe kwenye kishikio cha kuchezea. "Toleo la pili wakakifanya teke. La tatu ndipo wakaleta kitufe cha kuzuia, wakakiweka huku juu, begani, kidole cha shahada kinafika chenyewe." Alivitaja kama mtu anayetaja ukoo wake. Ndugu zangu, mtu huyu alikumbuka vitufe vyote vya matoleo yote, ila siku ya kliniki ya mwanawe mpaka akumbushwe.

Kliniki ilianza hivi. Chiriku alikuwa akiosha glasi, ikampasukia mkononi, ikakata kano ya dole gumba la kulia, ule uzi wa ndani unaokunja kidole. Mkono wa kuandikia. Daktari aliishona, akakifunga kidole kwenye kibao. Muuguzi akawaambia wazazi wote wawili, wamesimama bega kwa bega: "Vidole vingine achezeshe atakavyo. Dole gumba lisibonyeze, lisifinye, lisivute, mpaka niseme mimi. Uzi huu ukikatika tena, huenda lisikunjike maisha."

Mtoto akakaa nyumbani. Baba akaona amepata mtu wa kufanya naye mazoezi.

"Mama Chiriku, huyu anachoka kukaa bure. Acha ashike kishikio, mimi nimshambulie, yeye azuie tu."

"Na kidole?"

"Kuzuia ni kidole cha shahada. Njoo uone mwenyewe."

Mama akaenda, akaona. Ni kweli, kidole cha shahada ndicho kilichofanya kazi, na dole gumba lilikaa juu kwenye kibao chake kama mgeni asiyeombwa kusaidia.

"Kuzuia tu," mama akasema.

"Kuzuia tu," baba akaapa.

Kisha likatoka toleo la nne. Baba alilileta nyumbani kwa furaha, lakini furaha haikulala. Waliolitengeneza walikuwa wamevihamisha vitufe. Kile cha juu, cha kidole cha shahada, sasa kilikuwa cha kumkaba mwenzako na kumtupa. Kuzuia kumeshushwa chini, kwenye dole gumba. Vidole vya Ngao vilikuwa bado vinakwenda kulekule vilikozoea, akawa anakaba badala ya kuzuia, na vijana wa gereji wakampiga watakavyo.

"Fundi, hiyo ngao ina pancha," wakamtania. "Izibe basi, si ndiyo kazi yako?"

Mtu mzima, mwenye mke na mtoto mgonjwa, na neno hilo ndilo lililomkosesha raha. Akarudi kwa bintiye. Akamfungua kibao, akamwambia ni kwa muda kidogo, wakimaliza akamfunga tena, na kila siku muda kidogo ukazaa mwingine. Mama akiuliza kutoka uani, mikono imejaa povu, "Mnafanya nini huko?" baba alijibu, "Anazuia tu."

Na alisema kweli. Hapo ndipo hasira inaponikaba mimi. Mwongo walau huogopa kushikwa. Huyu alijificha ndani ya neno la kweli, akakaa humo raha mustarehe.

Chiriku, yule wa maneno, akaanza kunyamaza. Mama aliliona, akadhani ni uchovu wa kufungiwa ndani.

Siku moja, adhuhuri, mvua ilimrudisha mama na mashuka yake mabichi. Akamkuta mtoto ameshika kishikio kwa mikono miwili, machozi yanashuka bila sauti. Dole gumba limevimba, halikunjiki. Alikuwa akibonyeza kwa kusukuma mkono mzima. Baba hakugeuka. "Zuia, zuia," alikuwa akisema. "Unachelewa."

"Kibao cha mtoto kiko wapi?" mama akauliza.

"Si kuzuia tu, Mama Chiriku? Tulikubaliana."

"Mwanangu, unazuia kwa kidole gani?"

Chiriku alimtazama baba yake kwanza. "Kuzuia kumehamia dole gumba, mama. Tangu toleo hili lije. Jana kuna kitu kiliniruka ndani, kama uzi ukikatika. Baba alisema kitatulia."

"Jana," mama akasema.

"Nilidhani ni msuli. Nilitaka tumalize raundi hii, twende."

"Raundi."

Mama hakupaza sauti. "Simama. Mbebe mwanao. Si mimi, wewe. Na ukifika kule, mwambie muuguzi hayohayo unayoniambia mimi kila siku, kwamba alikuwa anazuia tu. Nataka nikusikie ukiyasema."

Aliyasema. Muuguzi akamjibu. "Baba, mimi sikukataza kupigana. Nilikataza kubonyeza. Ulikuwepo."

Kano ilikuwa imekatika palepale iliposhonwa. Wakaishona tena, lakini uzi uliochanika mara mbili si uzi wa kutegemea. Wiki zikapita, na siku kibao kilipoondolewa, dole gumba lilibaki limenyooka kama msumari. Daktari akasema ndiyo basi.

Walirudi nyumbani mchana huo. "Nisamehe, mwanangu," baba akasema. "Sawa, baba," Chiriku akajibu, kwa sauti ya mtu mzima, na sauti hiyo ilimchoma mama kuliko kilio. Baba akajilaza kwenye kochi, muda si muda akakoroma. Watu wa namna hiyo usingizi hauwasusi.

Mama akakaa kitandani kwa mtoto.

"Nitaandikia mkono huu mwingine?"

"Utaandikia huo."

"Mwandiko utakuwa mbaya."

"Mwanzoni. Tutakaa wote tuuzoeshe."

Mtoto akafumba macho. Mama alimngoja mpaka pumzi zake zikatulia, ndipo akajinyoosha kando yake, viatu miguuni, jua bado kali dirishani, akalala.

FUNZO

Ahadi uliyoitoa kwa ajili ya mtoto ina sababu yake. Mambo yakihama, isimamie sababu, usining'inie kwenye maneno. Baba huyu hakuvunja neno hata moja, akavunja mkono wa mwanawe. Mchezo si dhambi, chezeni. Ila anayejua kitufe kilipohamia, na amwambie mwenzake siku hiyohiyo. Nanyi akina mama, mtoto wa maneno mengi akinyamaza, msiseme amechoka. Wekeni povu chini, mwende mkaone.