Chumba Kilichopungua

Ripoti ya ukaguzi ilisema chumba cha nyuma kina upana wa mita nne. Mkunga alikipima mwenyewe, maana alitaka kujua kitanda cha mtoto kitakaa upande gani, akapata tatu na nusu.

"Umeshika vibaya," alisema mumewe, dereva wa lori, ambaye alikuwa na haraka ya kutia sahihi mkataba kabla muuzaji hajabadili mawazo. "Hebu lete."

Akapima yeye. Tatu na robo.

Wakatazamana. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa madirishani, nyumba tupu inaitikia kila hatua. Miaka tisa walikuwa wamehama kutoka chumba cha kupanga hadi kingine, na hii ndiyo ingekuwa nyumba yao ya kwanza. Mkunga, mwenye mimba ya miezi saba, akausogelea ukuta akaunusa. Ulinuka saruji mbichi, kana kwamba umepigwa lipu asubuhi ileile, ilhali rangi yake ilikuwa kuukuu, inabanduka.

"Mpigie yule mkaguzi," alisema. "Mimi sitii sahihi mpaka aje apime nikimwona."

Mkaguzi huyo mji mzima ulimwita Futi, kwa ile futi ya chuma isiyombanduka kiunoni. Alikuwa mnene, mcheshi, kila mwanamke kwake ni "mama" na kila mwanamume ni "kiongozi". Aliingia nyumbani akicheka, lakini alipofika mlango wa chumba cha nyuma, mke na mume wakimfuata, kicheko kikamkatikia.

"Mita nne zipo, mama," alisema akiwa kizingitini. "Nyie wajawazito mna wasiwasi sana."

"Ingia basi upime."

"Si nilishapima?"

"Ulipima, au uliandika ukiwa ofisini kwako?"

Mkono wa Futi ulikwenda kwenye futi yake kiunoni. Hapo ukuta ukagongwa kutoka ndani. Ko. Ko. Ko. Polepole, kama agongavyo mgeni anayejua mwenye nyumba yumo.

"Jirani huyo," alinong'ona dereva.

"Huko nyuma hakuna jirani," mkewe alimjibu. "Ni kiwanja kitupu."

"Futi." Sauti iliyotoka ukutani ilikuwa ya mwanamke, kavu, yenye vumbi kooni. "Umekuja kuutazama ule ufa?"

Futi aligeuka akimbie, lakini miguu yake ikaenda kinyume naye, ikamwingiza chumbani hatua kwa hatua huku mikono yake ikiparura fremu ya mlango, na harufu ya saruji ikazidi hadi wote watatu wakakohoa, na ukuta wa mbele yake ukaanza kusogea bila kishindo, bila kupasuka, ukila sakafu kigae kwa kigae kama maji yanayopanda, mpaka kati yake na ukuta wa pili pakabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama.

"Waambie," ilisema sauti.

"Alikuwa mpangaji hapa," Futi alisema, machozi na jasho vikichanganyika. "Alinionyesha ufa. Nikamcheka, nikaandika nyumba ni nzima. Ukuta ukamwangukia yeye na kichanga chake."

"Malizia."

"Niliogopa kufukuzwa kazi! Nikaandika kwamba aliuchimba msingi yeye mwenyewe."

"Mama yangu aliingia kaburini akiamini nimemuua mwanangu kwa mikono yangu," ilisema sauti, na safari hii ilitoka kuta zote nne.

Mkunga alilishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Na hiki," alimuuliza Futi, "ukaniandikia kwamba kinafaa kuwa chumba cha mtoto?"

"Walijenga upya, mama. Ukuta ni mpya."

"Uliukagua?"

Futi alifumba macho. "Nisamehe, mama. Nivute mkono tu. Nivute!"

Dereva akaudaka mkono ule akauvuta kwa nguvu zake zote, na ukuta ukafika begani mwa dereva mwenyewe.

"Dada," ilisema sauti, kwa upole sasa, "mwondoe mumeo. Nyinyi sina neno nanyi."

Mkunga alimtazama Futi, akamtazama mumewe. Kisha akamkumbatia mumewe kiunoni kwa nyuma, akamng'oa. Mlango ukajifunga wenyewe. Walichosikia nyuma yake hakikuchukua muda mrefu.

Polisi walipouvunja mlango jioni ile walikuta chumba kipana, kikavu, hakina mtu. Askari mmoja aligonga kuta zote kwa kitako cha tochi. Matofali yaliyoshiba, akasema, hata panya hapiti. Labda jamaa alitokea dirishani.

Mkunga alisimama pembeni, akauegemeza mkono ukutani apumzike. Akakaza kiganja. Kazi yake miaka yote ilikuwa kutafuta mapigo ya moyo chini ya ngozi, na haya hayakumpotea: ya mtu mzima, mwenye hofu, yakienda mbio chini ya lipu.

"Vipi, mama?" aliuliza askari. "Umehisi kitu?"

Mkunga aliuondoa mkono ukutani.

"Unyevu tu," alisema, akajifuta kiganja kwenye gauni, akatoka nje kwa mumewe.