Picha Zilizoziba Simu

Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, Chiriku aliketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Mama yake alikuwa mkunga, na simu ya mezani pale sebuleni ndiyo iliyomwita kwa wajawazito. Kompyuta nayo iliingia mtandaoni kwa waya wa simu hiyohiyo. Ikiwa mtandaoni, anayepiga simu hapati kitu.

Mjomba alikuwa amemfundisha dawa ya mtandao uendao mwendo wa kinyonga.

"Zima picha, yaje maneno matupu. Ukurasa ukishafunguka, kata laini, usome taratibu. Mwachie mama yako simu yake. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Kusikia alisikia. Lakini siku hiyo, kazi ya shule kuhusu volkano ilipokwisha, mtoto wa watu akatamani kuuona mlima ukitapika moto. Akawasha picha. Lo! Zilishuka kipande kwa kipande, kama pazia linaloteremshwa na mtu anayesinzia. Akangoja. Akafungua nyingine, na nyingine tena. Mama alikuwa uani akichemsha vifaa vyake, hana habari.

Mara mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa fundi viatu wa mtaa wa pili, jasho linamchuruzika.

"Mkunga! Tunapiga simu, tunapiga, haipatikani! Mke wangu ana hali mbaya!"

Mama alinyakua mkoba wake, akatoka mbio na ndala za kuogea.

Alirudi jioni, mabega yameshuka. "Mzazi amepona," alisema. "Mtoto hatukumwahi. Laini yetu mbovu hii. Kesho nitakwenda kuwalalamikia watu wa simu."

Chiriku, yule wa maneno mengi, aliingia kitandani akajifunika shuka hadi kichwani.

Asubuhi bombani, wanawake walikuwa wakimsema mama yake. "Fundi viatu kasema alikuwa anapiga soga simuni! Mtoto wa mwenzie anakufa, yeye anacheka!"

Chiriku hakuweza kuvumilia. Aliacha ndoo hapohapo, akakimbilia nyumbani.

"Mama, laini si mbovu. Ni mimi. Nilikuwa natazama picha."

Mama hakumpiga. Laiti angempiga! Alijishika kichwa. Kisha akasema, "Vaa viatu. Twende."

Fundi viatu aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Chiriku alisema yote huku akilia.

"Alikuwa wa kike," baba yule alijibu. Akamgeukia mkunga. "Nami nilikutukana mbele za watu, dada yangu. Nitawaambia kweli." Akafunga mlango polepole.

Njiani, mama alimshika Chiriku mkono.

"Kuanzia leo utaingia mtandaoni nikiwa kando yako. Maneno matupu, kisha waya tunachomoa."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe, lakini uchungu huu tutakaa nao. Ungenyamaza, mimi ningelaumu laini, nawe ungeendelea kuiziba, mpaka mtoto mwingine afuate. Ukweli haumfufui aliyekufa, mwanangu, ila humlinda anayekuja."